Tumbo Wazi Mbele ya Mama Mkwe

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni mwa watu bila kukaribishwa, kufunua masufuria, kukagua kucha za wapishi na kuandika karatasi. Nilianzia Kilosa mjini nikamalizia Mikumi, pale malori yanaposimama watu wakala. Mama lishe wa stendi waliijua pikipiki yangu kwa mlio. Nikitokea, sabuni nazo zilitokea, ndoo zikapata mifuniko, na nadhani hata nzi walipewa taarifa. Mpishi akijitetea kwamba mwiko ulianguka chini kidogo tu, nilikuwa na jibu moja ambalo nililipenda kuliko mshahara: mdudu hana saa ya mkononi, haulizi ulianguka kwa muda gani. Kisha nilifunga banda lake kwa siku saba.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyejitia uchafu tumboni kwa mkono wake mwenyewe.

Figo zangu ziliharibiwa na presha, ile ile ambayo niliwahimiza wengine wakapime. Mimi sikupima, nilikuwa nahimiza. Zilipofika mwisho, madaktari wa hospitali kubwa, mwendo wa saa sita kwa basi kutoka Mikumi, waliniambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na mashine iko huko huko mjini, kwa hiyo nihamie. Ya pili ni tumbo. Unawekewa mpira mwembamba chini ya kitovu, unaingiza maji ya dawa kutoka kwenye mfuko, yanakaa ndani saa kadhaa yakivuta uchafu wa damu kupitia utando wa tumbo, kisha unayatoa na kuingiza mengine. Mara nne kwa siku, nyumbani kwako. Nilichagua tumbo kabla daktari hajamaliza kueleza. Mke wangu ana banda lake la chakula Mikumi, mimi nina matuta yangu ya mchicha na kiti changu cha barazani, na sikuwa na umri wa kuanza kupanga chumba kwa watu. Mpira ule ndio uliokuwa unaniweka nyumbani. Ukitoka, na mimi natoka.

Nesi aliyetufundisha alikuwa binti wa umri wa mtoto wangu wa mwisho, mpole, anayeanza kila kitu kwa shikamoo. Alituelekeza kufunga mlango na dirisha, kuzima feni, kuvaa barakoa, kunawa mikono hadi viwiko, na kutoongea wakati wa kuunganisha. Ile ncha ya mpira, ukishaivua kifuniko, isiguse kitu chochote. Ikigusa, bana mpira, usiendelee, piga simu. Alisema wadudu wakiingia tumboni, maji yatatoka na ukungu, na njia ya kujipima ni gazeti. Weka mfuko juu ya gazeti: ukisoma herufi kupitia maji, uko salama, usiposoma, njoo siku hiyo hiyo na mfuko uje nao. Ukichelewa utando unaharibika, mpira unatolewa, na hapo inabaki mashine tu. Mke wangu alikuwa anaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa natabasamu kama mwalimu mkuu anayemsikiliza mwalimu wa mazoezi. Alipomaliza nikamuuliza kama anajua nilistaafu kazi gani.

Mwaka na miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Tulitenga chumba cha nyuma, tukakipaka rangi nyeupe, nikabandika mlangoni karatasi ya masharti kwa mwandiko ule ule wa kufungia mabanda ya watu. Mke wangu alikuwa akisoma ile karatasi anacheka peke yake.

Hapa lazima nieleze habari ya ukwe. Mimi ni mtu wa Kilosa, nimezaliwa kwenye nyumba za reli. Babu alikuja kutoka mbali kufanya kazi relini, bibi alitoka upande mwingine kabisa, na ukiniuliza kabila langu nahitaji muda wa kujipanga. Mke wangu ametoka Vidunda, kule mlimani, kwa watu waliokaa kwenye ardhi yao tangu zamani na wanaojua nani ni nani. Siku ya kwenda kujitambulisha, mshenga wangu alinipa somo tukiwa tunapanda mlima. Ukikutana na mama mkwe kwenye njia nyembamba, shuka wewe kwenye majani. Usikae kitandani kwake. Usile naye sahani moja. Na mwili wako asiuone, hata kifungo cha shingoni kifungwe. Kwa kuwa sikuwa na mila ya kwangu ya kujivunia, nilishika za wakwe zangu kwa mikono miwili, nikazidisha.

Nilikuwa pia na sababu nyingine ya kuzidisha. Miezi sita kabla ya kwenda kuposa, nilikuwa nimefunga banda la binti yao kwa sababu ya ndoo ya maji isiyo na mfuniko. Ndivyo tulivyofahamiana. Mama mkwe aliponiona mara ya kwanza aliitikia salamu yangu vizuri, kisha akauliza kama mimi ndiye yule wa ndoo. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na saba, hakuwahi kuniona nimefungua hata kifungo cha juu.

Msimu huu wa masika binti yetu alijifungua Kilosa, na mke wangu akaenda kumkanda na kumpikia. Hakutaka kuniacha peke yangu, akamwomba mama yake ashuke kutoka Vidunda. Mama mkwe akaja na mkungu wa ndizi, maharage mabichi na kitabu chake cha sala. Ana miaka zaidi ya sabini na tano, alisoma shule ya misheni, na anasoma bila miwani herufi ambazo mimi nazitafuta kwa miwani na tochi. Kabla ya kuondoka, mke wangu alimweleza mambo mawili. La kwanza, nikiwa nabadilisha maji asiingie. La pili, akipiga hodi mara tatu nikakaa kimya, aingie haraka, kwa sababu presha yangu huwa inashuka na naweza kuwa nimezimia. Na mimi nilikuwa na sharti langu la nesi la kutoongea. Masharti yote yalikuwa sahihi, hakuna aliyekuwa ameyaweka meza moja.

Siku ya pili, saa nane mchana, nilikuwa kwenye chumba cheupe. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati nimelikunja hadi kifuani na kulibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, tumbo lote liko nje na mpira unaning'inia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimevua kifuniko cha ncha. Hodi ikapigwa. Sikujibu. Ikapigwa ya pili, nikaguna, barakoa ikameza mguno wote. Ya tatu ikaja pamoja na mlango, na mama mkwe amesimama na bakuli la ndizi nyama.

Kilichotakiwa kilikuwa rahisi. Nitulie, niunganishe mpira, sekunde tano tu, halafu dunia iendelee. Badala yake mkono wangu ulifanya kile ambacho mshenga aliufundisha njiani kwenda Vidunda. Ulichukua blanketi kitandani na kunifunika hadi kidevuni, mpira na ncha yake wazi vikiwa ndani. Blanketi lenyewe paka alikuwa amelilalia asubuhi, paka ambaye kwa mujibu wa karatasi yangu ya mlangoni hakuruhusiwa hata kukifahamu chumba kile. Na joto la Mikumi saa nane halihitaji blanketi. Nikiwa nimejifunika hivyo kama mgonjwa wa malaria, nikaona kunyamaza ni utovu wa adabu, nikasema shikamoo mama. Tulikuwa tumeamkiana asubuhi. Akaitikia marahaba baba, uso ameuelekeza ukutani, akaweka bakuli sakafuni na kutoka kinyumenyume. Kwa adabu tulikuwa hatuna mpinzani.

Mlango ulipofungwa nilifunua blanketi nikaitazama ile ncha. Ilikuwa imelala kwenye manyoya ya paka. Nikaipangusa kwa pamba yenye spiriti, nikaipangusa tena, nikajiambia kwamba imegusa kidogo tu. Ndiyo, maneno hayo hayo. Kisha nikaunganisha, nikaingiza lita mbili za maji safi zikisindikizwa na yaliyomo ndani ya blanketi.

Simu ilikuwa mezani. Lakini kumpigia nesi maana yake ni kueleza, na mama mkwe alikuwa ametandika mkeka chini ya dirisha langu anachambua maharage. Ningesemaje? Kwamba mama mkwe wangu ameniona tumbo? Na nilijua pia kwamba nesi anaweza kusema njoo, na mtu akishaitwa huwezi kujua atarudi na mpira au bila mpira. Nikala jiwe. Nikala na ndizi nyama, zilikuwa nzuri.

Siku iliyofuata maji yalitoka safi, nikaanza kujisifu. Nilidhani pengine mwili wa bwana afya umezoea. Siku ya pili yake asubuhi niliweka mfuko juu ya gazeti nikaona herufi zimevimba na kuelea. Nikafuta miwani. Nikasogea dirishani. Nikaona gazeti lenyewe lina maandishi madogo mno, nikatafuta ukurasa wenye kichwa cha habari kikubwa, huo nikausoma, kwa kukisia maneno mawili. Mchana tumbo lilikuwa linauma, nikayalaumu maharage. Baridi ikanipiga, nikailaumu mvua. Mfuko wa mchana ulikuwa kama maji ya kuoshea mchele, na kichwa cha habari hakikuonekana tena. Basi nikaishusha ukutani kalenda ya kanisa, yenye tarehe kubwa kama visanduku vya kiberiti, nikauweka mfuko juu yake. Tarehe ishirini na tatu ilionekana. Nikasema kimoyomoyo kwamba ninasoma.

Alasiri mke wangu akapiga simu kutoka Kilosa. Alinipa habari za mjukuu, kwamba ananyonya vizuri na ana paji la uso langu, pole yake. Kisha akauliza habari za mfuko. Nikamwambia nasoma vizuri tu. Akauliza nasoma nini. Nikasema tarehe. Akaomba nimpe mama yake simu.

Sikusikia walichozungumza. Nilirudi kitandani nikajikunja, maana wakati huo tumbo lilikuwa gumu kama ubao na kila nikipumua lilinichoma. Hodi ikapigwa. Nikasema karibu mama, na sikuwa na nguvu ya kutafuta kifungo cha shingoni. Mama mkwe akaingia na kitabu chake cha sala, akauchukua mfuko uliokuwa umelala kwenye beseni, akakifungua kitabu juu ya meza na kuuweka mfuko juu ya ukurasa. Aliinama. Akausogeza kushoto, akausogeza kulia. Akafungua ukurasa mwingine, akajaribu tena. Alikuwa anajua kile kitabu chote kwa moyo na angeweza kunidanganya kwa huruma.

"Baba," akasema, "hapa mimi sisomi kitu."

Nikamwambia pengine ni mwanga wa alasiri. Alichukua simu yangu akanishikisha mkononi, akasimama mlangoni, na nikajua kwamba yule mama niliyekuwa nikimpisha njiani kwa miaka ishirini na saba siku hiyo hanipishi.

Nesi akapokea. Akaniamkia, nikaitikia, akauliza dalili, nikazitaja kwa kuzipunguza makali. Simu nilikuwa nimeiweka sauti ya juu na kuilaza juu ya mto. Akauliza kama ncha iligusa kitu chochote siku za karibuni, kwamba niseme ukweli kwa sababu itamsaidia daktari kuchagua dawa. Mimi, niliyeandika kwenye karatasi za watu mamia ya makosa madogo kuliko hilo, nikasema hapana, haikugusa kitu.

"Iligusa blanketi," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

Nesi akauliza ni nani huyo. Mama mkwe akasogea karibu na simu, akajitambulisha kama mama yake mke wangu, akaeleza siku, saa na blanketi lenyewe, hata paka hakumsahau. Nesi akamshukuru. Akatuambia tuondoke sasa hivi, tusingoje asubuhi, na mfuko tuje nao. Simu ilipokatika nilimtazama mama mkwe usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya sawasawa tangu nioe.

"Niliona," akasema. "Nikanyamaza nisikuaibishe. Nikasema, bwana afya anajua."

Nililia. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilimficha yeye, yeye akanifichia mimi, na katikati ya heshima yetu tumbo langu lilikuwa linaoza. Kilichoniuma zaidi ni ile sehemu ya mwisho, kwamba aliniamini. Ningekuwa fundi baiskeli angepiga kelele siku ile ile.

Jirani alitupeleka stendi kwa bajaji, tukapata basi lililotoka Mbeya. Viti vilivyobaki vilikuwa viwili, vimeungana, nyuma kabisa. Mshenga wangu, popote alipo, naomba anisamehe. Nilikaa bega kwa bega na mama mkwe kwa saa sita, shati nimelifungua kwa sababu mkanda na vifungo vilikuwa vinaniua, na kila basi liliporuka tuta kule mbugani alinishika mkono nisigonge tumbo. Mapajani alikuwa amepakata ndoo ndogo yenye ule mfuko. Abiria wa mbele aligeuka akauliza kama mama anauza togwa. Akamjibu kwamba hii ni ya mkwe wake, haiuzwi. Ndoo ilikuwa na mfuniko. Aliukagua mara mbili, na mara ya pili nadhani alihakikisha ninamwona.

Hospitalini walinichanganyia dawa ndani ya mifuko, wakanipa na nyingine za sindano. Daktari hakunizungusha. Alisema nimechelewa karibu siku mbili, wadudu wamekaa, na watanipa siku tano. Maji yakisafika, mpira unabaki. Yasiposafika, wanautoa kuokoa maisha, na habari ya kukaa Mikumi iishie hapo. Nilijaribu kumweleza kwamba siku ya kwanza yalikuwa safi. Aliniangalia kwa namna ambayo mimi niliwahi kuwaangalia watu wengi sana wenye masufuria.

Mke wangu alifika kesho yake, amemwacha mjukuu wa siku kumi na moja. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Alivua kanga begani, akanawa mikono, akakaa, akanishika mguu.

"Mimi ulinifungia banda kwa ndoo," akasema.

Kisha akanipikia uji.

Kila asubuhi mama mkwe alikuja na kitabu chake. Manesi walikuwa na vipimo vyao vya maabara, lakini walimngoja. Siku ya pili hakusoma kitu. Siku ya tatu alisema anaona kama kuna mistari, ila hawezi kuapa. Siku ya nne alipata herufi kubwa ya mwanzo wa aya na basi, na mimi nikapiga hesabu ya kile chumba cha kupanga mjini, cha mlango mmoja, mke wangu akiuza chakula Mikumi na mimi nikingoja zamu ya mashine na kuwakagua wapangaji wenzangu choo. Nilikuwa naogopa sana. Usingizi haukuja, na kwa mara ya kwanza nilitamani kuwa mpishi mchafu aliyefungiwa siku saba kisha akarudishiwa banda lake.

Siku ya tano aliuweka mfuko juu ya ukurasa na kuinama kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Mama mkwe akaanza kusoma, kwa sauti ya kanisani, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na alipofika mwisho wa ukurasa hakuinua uso, aligeuza karatasi akaendelea. Hakuna aliyemkatiza. Baadaye nesi alikuja na majibu ya maabara yaliyosema hivyo hivyo, akaongeza kwamba utando umeumia kidogo na safari nyingine hakutakuwa na mjadala. Nikamwambia nimeelewa. Akauliza nimeelewa nini, nikarudia masharti yote kama mwanafunzi, bila kutaja nilistaafu kazi gani.

Sasa tumerudi nyumbani. Blanketi limeondoka chumba cheupe, na paka ana msimamo wake lakini anakaa nje. Juzi mke wangu alikwenda tena Kilosa kumwona mjukuu, na mama mkwe akashuka tena na ndizi zake. Saa nane nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati limebanwa kifuani, naelekea kuvua kifuniko, nikasikia hodi. Nilisimamisha mkono. Nikashusha barakoa, kwa kuwa kifuniko kilikuwa bado hakijavuliwa, na nikasema maneno ambayo sidhani kama kuna mkwe wa kiume aliyewahi kuyasema Vidunda nzima.

"Subiri kidogo mama, tumbo liko wazi."

Nikasikia anavuta mkeka na kukaa.

"Maliza taratibu, baba," akasema. "Nipo hapa."

Nikapandisha barakoa, nikaenda kunawa upya, hadi viwiko.